Makopo Mawili ya Bluu

Fundi alikuwa seremala wa milango na madirisha. Penseli yake ilikaa nyuma ya sikio tangu asubuhi hadi jioni, na siku nyingine alilala nayo. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Humo mlikuwa na meza ya randa, msumeno wa umeme, na rundo la vumbi la mbao ambalo mkewe, Mama Pacha, alililalamikia kila siku bila kuchoka.

Mwaka huo Fundi alikuwa na jambo jingine la kujivunia. Kando ya ukuta wa karakana alikuwa amepanga makopo tisa makubwa ya rangi, matupu. Ndani ya kila kopo mlikuwa na mnyanya, na minyanya hiyo yote alikuwa ameibebesha kwa mkono wake.

Kubebesha ni hivi. Unachukua mche mgumu wa porini, unakata kichwa chake. Unachukua mche wa nyanya, unakata mizizi yake. Kisha unaunganisha kichwa cha nyanya na shina la porini, unafunga kwa kipande cha mrija, na kuweka kivulini hadi viungane. Mizizi ya porini haishindwi haraka na ule ugonjwa wa udongo unaonyausha nyanya. Misimu miwili mfululizo ugonjwa huo ulikuwa umemaliza nyanya zote za Fundi, na jambo hilo lilimuuma.

Wazo la kubebesha alilipata kwa jirani aliyeitwa Dada Magazeti. Dada huyo alifanya kazi katika hifadhi ya mimea mikavu. Huko mimea hubanwa ndani ya magazeti, hukaushwa, kisha huandikiwa jina lake. Kwa kuwa alinunua magazeti ya zamani kwa kilo, mtaa ukampa jina hilo na mwenyewe akalizoea. Siku moja alimweleza Fundi kwamba nyanya, pilipili, viazi, bilinganya na vichaka kadhaa vya porini ni ukoo mmoja. Akasema pia kwamba wako wakulima wanaobebesha nyanya juu ya bilinganya pori. Alikuwa bado anazungumza Fundi alipowasha msumeno. Kwa upande wake, alikuwa amesikia ya kutosha.

Sasa nyanya zilikuwa zimeiva. Ndani ya nyumba alikuwemo mkwe wao, mke wa pacha mkubwa, mwenye mimba ya miezi saba. Mumewe alikuwa safarini kikazi, naye alikuja kukaa na wakwe mpaka ajifungue. Kila siku alipita mbele ya makopo yale, akimeza mate.

"Baba, hata moja tu?" aliuliza.

"Vumilia hadi Jumamosi, mwanangu. Nataka makopo yote tisa yawe mekundu kwa pamoja, watu waone kazi."

"Watu watashiba kwa macho," alisema Mama Pacha. "Sisi tule nini, Baba Pacha? Sifa?"

Ijumaa asubuhi Dada Magazeti alikuja kuchukua fremu ya mbao aliyoagiza, ile ya kubania mimea. Fundi hakumpa fremu kwanza. Alimshika mkono, akampeleka kwenye makopo.

"Tazama. Halafu uniambie kama kuna seremala mwingine anayeweza kuunga namna hii."

Dada Magazeti alitazama, akasifu. Kiungo kilikuwa safi kweli. Kisha macho yake yakashuka chini, penye kirundo cha vijani vilivyonyauka.

"Hivi ni vya nini, Fundi?"

"Maotea hayo. Yanachipua chini ya kiungo, kwenye lile shina la porini. Kila asubuhi nayang'oa. Sipendi kazi chafu."

Dada Magazeti aliinama. Akachambua kirundo. Jani moja alilipeleka karibu na pua, akalifikicha, akalinusa. Uso wake ukabadilika.

"Fundi, mche huu ulikuwa na maua ya namna gani?"

"Maua? Ulikuwa mche, mwanangu. Mche una maua wapi?"

"Kuna aliyekula nyanya hizi?"

Fundi alikuwa anafungua mdomo aseme hapana. Lakini mlangoni pa jikoni alisimama mkwe wake, nusu ya nyanya mkononi, ameinyunyizia chumvi.

"Nisamehe, baba," alisema. "Nimeshindwa kuvumilia."

"Itupe," alisema Fundi.

"Usiitupe," alisema Dada Magazeti. "Isiliwe tena, lakini tunaihitaji. Suuza mdomo, mdogo wangu. Uliichuma kwenye kopo gani?"

"La bluu."

Fundi aligeuka. Makopo ya bluu yalikuwa mawili, yamekaa pamoja, na rangi yake ilikuwa moja, ile iliyopakwa mlango mmoja.

"Bluu lipi?"

Mkwe alitazama lile, akatazama hili. Nyanya zilikuwa nyingi kote kuwili. "Sijui, baba," alisema.

Dada Magazeti hakupoteza muda. Aliweka nusu ya nyanya kwenye mfuko mmoja, na lile jani kwenye mfuko mwingine. "Twende zahanati sasa hivi. Huenda si kitu. Lakini hatukai nyumbani kungoja tuone."

"Nimtafutie maziwa kwanza?" aliuliza Mama Pacha.

"Hapana. Asipewe kitu cha kumtapisha, wala dawa yoyote ya nyumbani. Twende."

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi alimlaza mkwe kitandani, akamsikiliza bila kumkatisha. Alifurahi kuona nyanya na jani vimeletwa.

"Wengi wanakuja mikono mitupu," alisema. "Wananiambia wamekula kitu cha kijani. Sasa mimi nitajua kijani kipi?"

"Hili ni jani la mnanaha, mmea wa porini wenye sumu," alisema Dada Magazeti. "Nyanya iliyobebeshwa juu ya mnanaha inaweza kuvuta sumu kutoka kwenye mizizi na kuipeleka hadi kwenye tunda. Hatujui kama hii ilikuwa juu yake."

Muuguzi alimmulika mkwe machoni kwa tochi ndogo. Alipima mapigo ya moyo. Aliuliza kama mdomo umekauka, kama anaona ukungu, kama kichwa kinazunguka. Kisha akaweka kifaa juu ya tumbo na kusikiliza moyo wa mtoto. Alirudia hayo yote kila baada ya muda.

Fundi alikaa kwenye benchi nje. Mikono yake, iliyozoea kushika kitu, haikujua pa kukaa. Nyanya alizopanda kwa majivuno zingeweza kumdhuru mtoto ambaye hata hajaliona jua. Alitoa penseli sikioni, akaitazama, akairudisha.

"Ulichaguaje ile miche?" aliuliza Dada Magazeti, akikaa kando yake.

"Niliing'oa kule nyuma ya karakana, penye takataka. Wewe ulisema ni ukoo mmoja."

"Nilisema baadhi ya vichaka. Ukaijuaje?"

Fundi alisita. Kisha akasema ukweli wote. Alitoboa tundu kwenye kibao, tundu la milimita nne. Kila mche aliupitisha hapo. Uliotosha sawasawa aliuchukua, usiotosha aliutupa, kama anavyochagua misumari. Halafu aliikata vichwa yote siku ile ile, na majani akayachoma moto.

"Mingi ilikuwa inachoma mikono," alisema. "Lakini mingine ilikuwa laini. Nikaona hii imenipenda."

Dada Magazeti alijizuia asicheke, lakini alishindwa. Fundi naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyebanwa na mlango.

"Mzee wangu, umepanga mimea kwa unene. Unene unafaa kwa kiungo. Haukwambii mmea ni nani."

Saa zilipita. Mchana muuguzi alitoka nje. "Macho yake yako sawa," alisema. "Mapigo yako sawa. Mtoto anacheza kama amelipwa. Nitamwangalia hadi jioni, lakini sioni dalili yoyote."

Mama Pacha alifunika uso kwa kanga akalia kwa furaha. Fundi alishika mkono wa muuguzi kwa mikono yake miwili na kuutikisa mpaka muuguzi akaomba arudishiwe.

Jioni mkwe aliruhusiwa. Njiani alitembea mwenyewe, akidai njaa.

Kesho yake, Jumamosi, Fundi hakualika mtu kuja kuona nyanya. Alimfuata Dada Magazeti nyuma ya karakana, penye vichaka. Safari hii alisikiliza hadi mwisho.

"Tuanze na alama za ukoo," alisema Dada Magazeti. "Hesabu petali za ua hili."

"Tano."

"Zimeachana?"

"Zimeshikana chini."

"Vizuri. Sasa tazama vitunda. Kile kikombe cha kijani kilicholishika ua kinabaki kwenye kitunda, kama kofia ya nyanya. Ukiona alama hizi pamoja, anza kushuku kwamba uko kwenye ukoo huu. Lakini jina la ukoo halitoshi. Ukoo mmoja una mpishi na una mwizi. Lazima ujue jina la mtu mwenyewe."

Alimwonyesha kichaka cha kwanza. Kilimzidi Fundi kimo. Maua yake yalikuwa meupe, madogo kama nyota, yamekaa kwa vichala, na katikati yamesimamisha vijiti vya njano. Vitunda vilikuwa vya kijani, vidogo kuliko golori. Shina lilikuwa na miiba michache, na jani lilikuwa na manyoya laini.

"Huyu ndiye bilinganya pori. Huyu pembeni, mwenye majani ya kijivu, ua la zambarau na matunda ya njano, ni mtunguja. Naye ana miiba, lakini matunda yake ni sumu. Usimwonje hata kidogo."

Kisha akasogea penye rundo la takataka. Hapo palikuwa na mmea mfupi zaidi, wenye matawi yaliyogawanyika. Ua lake lilikuwa moja moja, jeupe, refu kama tarumbeta. Tunda lilikuwa duara na limejaa miiba.

"Mnanaha," alisema Fundi kabla hajaambiwa.

"Shika shina lake."

Fundi alishika. Lilikuwa laini. "Kumbe ndiye aliyenipenda," alisema.

"Bilinganya pori ana miiba mwilini, tunda lake laini. Mnanaha mwili laini, tunda lina miiba. Lakini usiishie kwenye alama moja. Tazama ua, tunda, jani, shina na harufu, halafu umwulize anayejua. Na sasa tukanawe mikono, kabla hujajifuta jicho."

Waliporudi kwenye makopo, Fundi alitaka kung'oa yote tisa. Dada Magazeti alimzuia.

"Wewe umezoea kuondoa maotea. Safari hii yaache. Mmea wa chini utaota majani yake mwenyewe, nayo yatatuambia yeye ni nani. Hadi hapo, hakuna anayekula."

Fundi alichuma nyanya zote, akazifukia shimoni, na mkwe akageuza uso asione. Makopo akayazungushia kamba. Mama Pacha alitangaza kwamba atakayevuka kamba atakula chakula chake karakanani pamoja na vumbi la mbao.

Siku kumi na mbili Fundi aliamka na kuchungulia. Vidole vilimwasha kung'oa yale machipukizi yaliyoharibu umbo la kazi yake, lakini aliviweka mfukoni. Siku ya kumi na tatu Dada Magazeti alikuja. Walipita kopo kwa kopo, na Fundi mwenyewe ndiye aliyesema, Dada Magazeti akithibitisha.

"Jani lina manyoya, si la kijivu. Shina lina miiba. Bilinganya pori." Kopo la pili hivyo hivyo, na la tatu. Saba kwa jumla yalikuwa bilinganya pori. La nane, kopo jekundu, shina lake lilikuwa laini na jani lilinuka. Mnanaha.

Lilibaki kopo moja la bluu, kwa sababu la kwanza lilikuwa tayari katika yale saba. Fundi alipiga magoti mbele ya la pili. Shina lilikuwa laini. Alifikicha jani, akanusa, akafunga macho.

"Mnanaha," alisema.

Nyanya za kopo hilo ndizo zilizokuwa nyekundu kuliko zote kabla ya kufukiwa. Mkwe alisimama nyuma yake, mkono tumboni. Akasema polepole, "Siku ile hofu ilinisahaulisha, sasa nimekumbuka. Nilitaka kuchuma zile. Nikaona utagundua haraka, baba. Nikachuma za kopo la bluu la pembeni, zilizojificha."

Fundi hakusimama mara moja. Alikaa pale pale juu ya vumbi la mbao, na machozi yakamtoka mbele ya mkwe wake bila aibu.

Minyanya miwili iling'olewa na kuteketezwa, huku wote wakikaa mbali na moshi. Kisha Fundi aliingia karakanani. Aliranda vibao saba vyembamba, akachukua penseli, na juu ya kila kibao aliandika jina la mmea wa juu, jina la mmea wa chini, tarehe, na mahali alipoung'oa. Kile kibao chenye tundu la milimita nne hakukitupa. Alikitundika ukutani, na chini yake akaandika: KWANZA JINA.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, mwenye sauti. Miche ya msimu uliofuata Fundi aliiotesha kwa mbegu alizopewa na Dada Magazeti, zenye jina tayari. Nyanya zilipoiva, hakungoja Jumamosi. Alichuma ya kwanza, akasoma kibao chake kwa sauti, akaila nusu yeye mwenyewe. Nusu ya pili alimpelekea mkwe wake, na chumvi.