Utando wa Dirishani

Fundi wa madirisha alikuwa hata hajalifikia gari lake, simu ya Jorma ikalia. Tuulikki alishtuka. Miaka mitatu tangu aolewe katika nyumba ile nje kidogo ya Oulu, simu haikuwahi kushika ndani. Vioo vya kuzuia baridi vilizuia na mtandao pia. Ndiyo maana wakabandikiwa ule utando mwangavu wa kupitisha mtandao, usioonekana hata ukiukazia macho.

Jorma alipokea, akasikiliza, kisha akacheka kicheko laini ambacho mkewe hakuwahi kukipata.

"Nani huyo?"

"Amekosea namba."

Huyo wa kukosea namba akawa anapiga kila siku saa tisa alasiri, giza la mapema la Desemba ya kaskazini likishaingia. Jorma alijifungia chumbani, na chini ya mlango ikapenya harufu ya sabuni ya lami, ile ya kuogea kwenye sauna, na nywele mbichi. Siku ya nne Tuulikki akabana sikio mlangoni.

"Marketta wangu," Jorma alinong'ona, "huko kuna baridi bado?"

Marketta alikuwa mkewe wa kwanza. Barafu ya ziwa ilimmeza miaka sita nyuma.

Tuulikki alikimbilia kwa bibi Raili, aliyeumika watu chuku katika sauna yake, chumba cha mvuke, na kujua mambo ya wafu.

"Usiubandue utando wa dirishani kabla hujajua kama marehemu yuko nje au ndani," Raili alisema kwa sauti ya chini. "Njia aliyoingilia ndiyo ya kutokea."

"Mume wangu anabembelezwa na maiti, nawe waniambia ningoje?"

"Wivu wako ndio anaoungoja, mwanangu."

Hakusikia. Kesho yake Jorma alipokwenda kuchukua kuni, Tuulikki alishika kisu akaukwangua utando dirisha moja baada ya jingine, akilia, akimtukana mwanamke asiyemwona, na kadiri alivyokwangua ndivyo harufu ile ilivyozidi, na sakafu ikalowa chini ya nyayo zake, na nyuma yake kitu kikawa kinapumua polepole kama mtu aliyetoka majini, hata kipande cha mwisho kikaanguka.

Jorma alisimama mlangoni, kuni zikamponyoka.

"Umefanya nini? Leo alikuja kuniaga!"

Simu mkononi mwake haikuwa na mtandao. Sauti ikatokea chumbani, tulivu, ya mwenye nyumba.

"Jorma, mume wangu, huyu mgeni anaondoka lini?"

Jorma alimtazama Tuulikki, kisha akaenda kumletea koti lake.