Piko Isiyotoka

Mapenzi ya Najwa na Nasrudin yalianza kwa matusi, katikati ya soko la Nakuru, lori la viazi vya Molo likishushwa.

"We boss! Macho umeyaacha Molo?"

Kiatu cha matope cha Nasrudin kilikuwa juu ya mguu wa Najwa, mguu aliotoka kuupaka piko, ile hina nyeusi, kwa ajili ya harusi ya binamu yake. Maua yote yalivurugika. Nasrudin alitua gunia, akachuchumaa matopeni na shati lake jekundu, akaanza kumpangusa.

"Pole, mrembo. Na hii ya kisiginoni mbona haitoki?"

"Wacha kunishikashika! Hiyo ni piko ya kitambo."

Piko ya kitambo! Mpakaji hina mzima, anayejua fika kwamba rangi hiyo haimalizi mwezi, alikuwa akijidanganya hivyo tangu Ramadhani. Mama yake aliamini, wateja wake waliamini. Nani atashangaa doa jeusi kwenye mguu wa mtu anayekaa na piko mchana kutwa?

Wakapendana. Nasrudin akienda Molo kununua viazi, simu haikukauka.

"Sasa, sukari yangu? Kuna baridi huku, nimekukumbuka."

"Umenikumbuka mimi ama sweta?"

"Wewe. Sweta ninayo."

"Basi vaa ulale, usinisumbue!" Na alikuwa akicheka peke yake, buibui limemwanguka mabegani.

Kisha doa likaanza kutoa damu. Nasrudin ndiye aliyemlazimisha kwenda hospitali, ambako kipande kidogo kilikatwa kikapimwe. Simu ya Najwa ilikuwa kwa fundi, wakaacha namba ya Nasrudin. Majibu yalipotoka, alipigiwa yeye.

"Wamesema nini?" Najwa aliuliza.

"Ni kidonda tu, mpenzi. Watakikwangua kidogo, urudi nyumbani."

Akaamini. Akaingia wodini na kitabu cha mapambo ya hina, kana kwamba anakwenda kusubiri mteja.

Jioni ya kabla ya upasuaji, Daktari Chepchumba alivuta kiti. "Mumeo alikueleza vizuri?"

"Mume gani?"

Daktari akasema yote bila kuzungusha. Ilikuwa saratani ya ngozi. Wangekata doa pamoja na nyama nzima inayolizunguka, wachukue ngozi ya paja wazibe kisigino, watoe na tezi moja kinenani ikapimwe. Asile chochote asubuhi. Kama alikuwa akitumia aspirini au miti shamba, aseme sasa hivi.

Najwa alichukua simu yake, iliyokwisha kurudi kutoka kwa fundi, akampigia Nasrudin.

"Ulijua?"

"Najwa..."

"Ulijua ama hukujua?"

"Nilijua. Mama yangu alipoambiwa saratani aliacha kula, akatuacha. Niliogopa."

"Mimi si mamako! Mguu ni wangu! Ukajiita mume, ukapewa habari za mwili wangu, ukazikalia! Usikanyage hapa. Ukikanyaga nitapiga nduru mpaka mtaa wa Rhonda wasikie!"

Alikata simu. Alilia kwa hasira, hasira tupu, na asubuhi aliingia nayo chumba cha upasuaji. Sindano ya mgongo iliua miguu. Maumivu hayakuwapo, ila alisikia kuvutwa, kusukumwa, na vyuma vikigongana kwenye sinia.

"Uko sawa, mamii?" nesi aliuliza.

"Siko sawa. Lakini kateni."

Ganzi ilipoisha, ajabu, paja lilimuuma kuliko kisigino. Akarudishwa kwao Bondeni na amri: mguu juu ya mito, asiukanyage, bendeji isiloe, na akiona homa, usaha au damu, arudi mara moja. Bendeji ilipofunguliwa kliniki aliona kipande cha ngozi cha rangi nyingine kimeshonewa kisiginoni kama kiraka. Alimlaani Nasrudin upya. Viazi alivyoleta mlangoni kila wiki mama alivipika, yeye akakataa kuvila.

Mchana mmoja Nasrudin aliingia bila hodi, jasho likimtiririka, simu inalia mkononi.

"Nilikukataza kuja!"

"Ni hospitali. Hawakubadilisha namba. Wamepiga nikiwa sokoni, sikushika. Wamepiga tena nikiwa Kenyatta Avenue, sikushika. Wanapiga tena. Chukua, ni yako."

Najwa aliitazama ile simu, kisha shati lililomgandia kifuani. Alikuwa amekimbia njia yote na majibu mkononi, hajayagusa. Akaipokea na kuweka spika.

"Nasrudin?" sauti ya Daktari Chepchumba iliuliza.

"Ni Najwa. Mwenye mguu."

"Vizuri, nilikutaka wewe. Pembeni tulipokata ni safi. Tezi haina kitu. Lakini hatujaachana: utakuja kila miezi mitatu tukukague, na doa lolote jipya uniletee."

Simu ilipokatika, Nasrudin alikaa sakafuni akalia waziwazi. Najwa naye machozi yalimtoka, ila hakumgusa.

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Sana."

"Najua, Najwa. Nioe... yaani, nikuoe?"

"Hata kuongea hujui!" Kicheko kilimponyoka, akakirudisha haraka. "Nenda kwa baba, umwombe kama watu. Lakini sikia. Harusini nitapakwa mikono peke yake. Nyayo zangu zibaki wazi; doa jipya likitokea, nataka kuliona mimi mwenyewe."