Kiti cha Pembeni

Yaliyomkuta rafiki yangu huyu muuguzi si porojo. Msimu wa likizo alikwenda na mumewe kwenye bustani ya michezo, imejaa watu pomoni. Foleni ya vigari vya reli vinavyopita ndani ya pango la giza iliwachukua saa mbili. Katika kusukumana kwenye mwanga hafifu yeye akapanda kwanza, akasikia mumewe akiketi ubavuni.

Pangoni kiza totoro, magurudumu yanasaga reli. Mumewe huogopa giza, basi rafiki yangu akamshika kifundo cha mkono, vidole vikatafuta mapigo kama vilivyozoea wodini. Hayakuwepo.

“Mume wangu, mbona mkono wako wa baridi hivi?”

Mkono ukageuka, ukambana vidole.

Kigari kilipotoka nje, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Mumewe alikuwa langoni, amenuna.

“Mlinzi kanizuia,” alisema. “Eti umeshakaa na mtu.”