Soli za Fundi Viatu

Kila asubuhi Babu alikuwa na safari yake: hatua arobaini, kutoka mlango wa nyuma hadi kibanda chake karibu na geti. Humo alishona viatu vya mtaa mzima. Alikuwa na miaka sabini na minne, na ulimi mkali kuliko sindano yake.

"Kiatu hiki umekivaa au umekitafuna?" alimuuliza mteja mmoja, na wote wakacheka.

Siku moja Babu alikuwa anatoka bafuni. Sakafu ilikuwa imelowa. Akakanyaga kitambaa cha mlangoni, nacho kikateleza naye. Puu! Akaanguka kwa ubavu.

Mfupa haukuvunjika. Lakini binti yake, Mama Pacha, aliogopa sana.

"Baba, kuanzia leo hutoki kwenye kiti hiki. Ukitaka maji, niite. Ukitaka redio, niite."

"Na kibanda changu?"

"Kimefungwa." Akatia ufunguo mfukoni.

Wiki tano zikapita. Wateja walifika getini, wakarudi na viatu vyao mkononi. Babu aliacha utani. Kisha asubuhi moja Mama Pacha akamwona akijaribu kusimama. Miguu yake ilitetemeka kama ya ndama aliyezaliwa jana. Babu akarudi kukaa, akageukia ukutani.

Mama Pacha akaenda kumwita mhudumu wa afya wa mtaa.

"Shikamoo, baba," mhudumu alisema akiingia.

"Marahaba. Umekuja kupima urefu wa jeneza?"

"Nimekuja kuona viatu vyako."

Babu akashangaa, lakini akavua ndala zake. Mhudumu akazigeuza. Soli zilikuwa laini kama kioo, na visigino vimeliwa upande mmoja.

"Baba, mteja akikuletea hizi, unamwambiaje?"

Babu akakohoa kidogo. "Namwambia akazizike."

Mama Pacha akacheka hadi akashika ukuta. Fundi wa mtaa mzima, na ndala zake ndizo mbovu kuliko zote!

Mhudumu akazunguka nyumba. Akaokota kile kitambaa cha mlangoni. "Hiki kiondoke. Sakafu ikilowa, ikaushwe hapo hapo. Wekeni bomba imara ukutani bafuni, apate pa kushika. Waya wa redio usipite njiani. Na mwanga uwe wa kutosha."

"Nilidhani kumkalisha ndiyo dawa," Mama Pacha alisema polepole.

"Ulifanya kwa mapenzi, dada yangu. Ila mguu usiotumika hulegea, na mguu uliolegea huanguka upesi zaidi. Baba atembee, lakini njia iwe salama."

Akamwonyesha Babu zoezi. Kiti imara, mgongo wa kiti ukutani. Simama taratibu, kaa taratibu. Mara tano kwanza, na mtu awe karibu.

"Mara tano tu? Mimi si mtoto," Babu alisema. Alipofika ya tatu akawa anahema. "Haya, mara tano zinatosha!"

"Ukiamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kusimama," mhudumu aliongeza. "Nendeni kituo cha afya wakupime macho na presha. Muulizeni daktari kuhusu dawa unazokunywa, maana nyingine huleta kizunguzungu. Lakini usiache dawa kwa uamuzi wako. Na ukianguka tena, hata bila kuumia, sema. Usifiche."

Wiki hiyo Babu aliomba aletewe vifaa vyake pale pale kitini. Akakata soli mpya za mpira wa tairi, zenye mikato ya kushika chini. Akatengeneza viatu vyenye mkanda wa nyuma, visivyochomoka mguuni. Mazoezi alifanya kila siku, huku wajukuu wake pacha wakimhesabia kwa kelele na kuruka namba.

Mwezi wa pili wa mazoezi, Mama Pacha alitoa ufunguo mfukoni. Akamnyooshea Babu. Babu akaupokea, akasimama bila kushika kiti, akaanza safari yake. Binti alitembea kando yake, mkono tayari. Hatua thelathini na nane, thelathini na tisa, arobaini.

Babu akafungua kibanda, akakaa, akafuta vumbi mezani. Kisha akatazama miguu ya binti yake.

"Wewe, hebu vua hivyo viatu."

"Vina nini, baba?"

Akavigeuza, akazitazama soli, akatikisa kichwa.

"Kaa hapo. Wewe ndiye mteja wangu wa kwanza."