Kava Linalopumua

Kava la kwanza lilipungua shubiri moja.

Si jambo la kumshtua mtu. Nguo hupungua, mishahara hupungua, kwa nini kava la gari lisipungue? Mama Stoo, mtunza ghala wa ofisi, alilivuta kutoka mbele, dereva, Taratibu, akalipokea nyuma, na lilipofika kona ya kushoto ya bampa likagoma. Pakabaki wazi kiasi cha kiganja kilichotanuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho.

"Wametuuzia la baiskeli," alisema Mama Stoo. "Rudisha."

La pili lilikuwa refu zaidi. Mama Stoo, ambaye haamini hata kivuli chake mpaka akipime, alilitandaza sakafuni: mita tano na nusu. Akapima gari: hata mita tano halifiki. Wakalivisha. Likapungua shubiri moja, kona ileile.

"Baba, hii hesabu ya wapi?"

Taratibu alikuwa ameikazia macho kona ile.

Cheo chake kilikuwa Dereva Mwandamizi Daraja la Pili, lakini ofisi nzima ilimwita Taratibu. Kwanza kwa mwendo wake barabarani. Pili, kwa sababu katika miaka thelathini na moja hakuwahi kukiuka utaratibu wowote uliopigwa muhuri. Alibakiza miezi minane astaafu, na aliilinda miezi hiyo kama mtu anayevuka barabara na trei ya mayai kichwani.

Gari lenyewe lilikuwa la Mkurugenzi: jipya, jeusi, linalong'aa hata kunguru wakawa wanakuja kujitazama. Hao kunguru, na walichokuwa wakiacha baada ya kujitazama, ndio walioleta haja ya kava. Mtu wa kawaida angeingia dukani. Ofisi iliunda Kamati Ndogo ya Kuchagua Kava, wajumbe watano, watatu kati yao hawajui kuendesha hata toroli. Wiki sita kabla ya lile kava la kwanza, Kamati ilikuwa imemwita mtaalamu: Bi Futi, mshonaji wa maturubai, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwake usiku na mchana.

"Kava jema lina mambo matatu, waheshimiwa," Bi Futi aliwaambia. "Moja, lipumue. Lisipopumua, unyevu unabaki ndani na chuma kinaota kutu. Mbili, upande wa ndani uwe laini, usiache mchubuko. Tatu, libane kama ngozi. Likipwaya, upepo utalipigapiga mpaka rangi iishe."

"Lipumue kwa pua gani?" aliuliza mwenyekiti, na muhtasari ukaandika: *Wajumbe walicheka.*

Kisha Bi Futi akashuka uani kupima. Mama Stoo ndiye aliyeona kwanza. Bi Futi alikuwa ameshika mwanzo wa futi mbele ya gari, na mwisho wake ulikuwa nyuma, hewani, umekazwa sawasawa, bila mkono.

"Nani anakushikia huko?"

"Mwenzangu," alisema Bi Futi, kama mtu anayemtaja jirani. "Niko naye tangu utotoni. Msimwogope. Haji asipoitwa."

Mama Stoo akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli ndani.

Ilibaki kona moja tu, ya kushoto nyuma. Futi haipindi vizuri konani, kwa hiyo Bi Futi alichuchumaa kuipima kwa shubiri. Wakati huohuo Mkurugenzi akatoka na funguo. Alipenda kuliendesha mwenyewe humo uani, watumishi wamwone. Taratibu akasimama nyuma kumwongoza, kama madereva wote duniani, mkono mmoja ukivuta hewa, "Njoo! Njoo! Njoo!", ila macho yake yalikuwa kwenye simu, kwenye ujumbe kuhusu karatasi zake za kustaafu.

Njoo ya tatu haikuisha vizuri.

"Uliona nini?" Mkurugenzi alimuuliza baadaye, mlango umefungwa.

"Mkuu, mimi nilikuwa..."

"Uliona ameteleza. Funika kombe, mwanaharamu apite. Umebakiza miezi mingapi vile?"

Taratibu akaandika: *Marehemu aliteleza kwa uzembe wake mwenyewe.* Faili likapigwa muhuri: LIMEFUNGWA. Kamati ikaazimia kununua kava la dukani.

Sasa makava mawili yamepungua, na la tatu, kubwa kuliko yote, likapungua vilevile. Siku hiyo ndipo Taratibu alipoinusa: harufu ya nta ya kupaka uzi na turubai jipya, uani, mahali ambapo hapana uzi wala turubai. Na akaisikia: *shriii*, futi ikivutwa taratibu ubavuni mwa gari, ikasimama, kisha *tap*, ikaachiwa.

Kesho yake asubuhi gari lilikuwa limejaa alama za chaki. Alama fupifupi, nyeupe, milangoni, kwenye boneti, kwenye paa. Akazifuta. Saa nne zilikuwa zimerudi. Akazifuta tena. Mchana, alipomfungulia Mkurugenzi mlango, zilikuwa zimehama. Ziko mabegani mwa koti la Mkurugenzi, moja kila upande, na ya tatu katikati ya mgongo.

"Mkuu, umeegemea ukuta."

"Mimi siegemei kuta."

Mkurugenzi akavua koti. Alama zilikuwa kwenye shati. Akaingia chooni kuvua shati, na alipotoka alikuwa amefunga vifungo vyote mpaka cha kooni, na juu ya ukosi, kwenye ngozi ya shingo, kulikuwa na mstari mweupe mwembamba ukiizunguka, kama fundi anavyoonyesha pa kukata.

"Dereva," alinong'ona. "Yule mwanamke. Ana ndugu?"

Alikuwa na dada. Taratibu alimkuta kibandani kwa marehemu, amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Mbele yake cherehani ilikuwa inashona. Kanyagio lilipanda na kushuka bila mguu, na chini ya sindano kitambaa cheusi kilipita mfululizo, kizito, kikijikunja sakafuni.

"Karibu, kaka. Kaa popote. Usimguse tu, yuko kazini."

Taratibu akakaa.

"Dada, nimekuja... poleni sana. Mimi nalipa mwenyewe, nilete mganga, aje amtoe."

"Amtoe?" Dada alicheka bila kufungua mdomo. "Mganga wa nini, kaka, na huyu ndiye dawa yangu? Ninyi mlimfunika ndugu yangu kwa karatasi. Na huyu naye kazi yake kufunika. Ila yeye hupima kwanza."

"Amekuwa hapa tangu lini?"

"Tangu siku ile. Na haji asipoitwa. Mimi sikumwita." Akamtazama. "Kuna mtu alisema njoo. Mara tatu, kwa sauti, na ndugu yangu yuko chini. Unamjua?"

"Simjui, dada."

Cherehani ikasimama. Kisha sindano ikaanza tena, kwa kasi zaidi.

"Basi kaandike ulichoona," alisema dada, taratibu, kama anayempa mtoto maagizo ya dukani. "Palepale ulipoandika uongo, kwa mkono uleule. Chote. Ukibakiza shubiri, naye atabakiza shubiri."

Asubuhi iliyofuata, Taratibu alikwenda masjala.

"Kubadilisha ushahidi kwenye faili lililofungwa kuna fomu," alisema karani bila kuinua kichwa. "Ijaze mara tatu, isainiwe na Mkurugenzi."

"Ndugu yangu, ndiye huyohuyo ninayemtaja."

"Basi utamkuta ofisini, halafu?" Karani akamtazama vizuri, akaona uso wake, akalegea. "Mzee, andika barua ya kawaida. Barua haina masharti. Haisomwi tu."

Akaandika. Kalamu ilikimbia kama iliyofunguliwa kamba: kwamba Mkurugenzi ndiye aliyekuwa usukani, kwamba marehemu hakuteleza, kwamba yeye Taratibu aliamriwa kusema uongo naye akasema. Aliandika mpaka jasho likamdondokea mkononi, na kila sentensi ilimtoa jiwe kifuani. Akafika kwenye sentensi ya mwisho. *Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya gari, nikiita...*

Kalamu ikasimama. Miezi minane. Akaona trei, akaona mayai.

Akakata maneno hayo, akaandika juu yake: *Mimi nilikuwa mbali.*

Karani akapiga muhuri: IMEPOKELEWA.

Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo Mkurugenzi, akishashiba, hujilaza garini dakika ishirini na kipoza hewa kikinguruma. Taratibu alitoka uani akiwa mwepesi, karibu apige mluzi, na jua lilikuwa kali, na kunguru hawakuwepo hata mmoja, na gari lilikuwa limevishwa kava. Kava jeusi. Halikuwa limelala juu ya gari kama makava yanavyolala. Lilikuwa limeingia kila bonde, limefuata vioo, limefuata vitasa, limebana kama ngozi, na mishono yake ilikuwa midogo na sawasawa, mishono aliyoiona jana kibandani, na alipokuwa bado anajiambia kwamba labda Mama Stoo amepata la saizi hatimaye, kava likapanda kidogo, likashuka, likapanda, likashuka, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala, na ndipo alipokumbuka nani hulala humo saa nane.

"Mama Stoo! Mkasi!"

Walikimbia wote wawili. Hapakuwa na zipu. Hapakuwa na kamba ya kufungua. Taratibu alishika upindo akavuta, na upindo ulikuwa wa moto na unyevu kama shavu la mgonjwa, na upande wa dereva, pale ambapo palipaswa kuwa na kioo, hapakuwa na ugumu wa kioo, bali uso. Kitambaa kilikuwa kimeingia ndani na kuufuata, pua, paji, shimo la mdomo lililofunguka na kuvuta turubai ndani, likatema, likavuta tena, na kiganja kilijichora kando yake, vidole vitano vimetanuliwa, na Mama Stoo alikuwa anakata huku analia, na mkasi ulikuwa unateleza juu ya ule uzi wa nta kama unakata maji, na kava likapumua mara moja ndefu, kisha nusu, kisha likatulia.

Baada ya hapo mkasi ulikata vizuri kabisa.

Daktari alitafuta sana. Hakuona jeraha, hakuona alama. Akaandika kwamba joto la garini ni jambo la hatari na kwamba watumishi waelimishwe.

Dereva akasubiri aitwe kuhusu barua yake. Hakuitwa. Siku tisa baadaye Mama Stoo alimpa nakala ya muhtasari wa Kamati, maana Kamati haifi yenyewe kwa sababu tu mtu amekufa.

"Baba, hebu soma kifungu cha nne. Mimi sijui nani amekiandika. Mwenyekiti naye hajui."

Taratibu akasimama uani, karibu na lile gari ambalo hakuna aliyetaka tena kuliendesha, akasoma.

*4. Kava lililopokelewa lilikaguliwa. Limepumua. Halikuacha mchubuko. Limebana kama ngozi. Kasoro ni moja: linapungua shubiri, kona ya kushoto nyuma. Fundi ameahidi kumalizia.*

Mama Stoo alikuwa amekwisha kurudi ndani. Uani palikuwa na jua na kimya. Harufu ya nta ikaja kwanza. Kisha *shriii*, karibu sana, na Taratibu akahisi kitu chembamba, baridi, kikilazwa kutoka bega moja hadi bega la pili, kikaachiwa, *tap*, kikalazwa tena kutoka kisogoni hadi kisiginoni, bila haraka, kwa utaratibu wote.

Alitaka kuisema kwa sauti ile sentensi aliyoikata. Mdomo ulifunguka, na sauti ikasikika, sauti yake mwenyewe kabisa, yenye kile kikohozi chake kidogo. Ila haikutoka kwake. Ilitoka nyuma, kwenye kona ya kushoto ya gari, chini, mahali mtu angechuchumaa.

"Njoo," ilisema. "Njoo. Njoo."

Na miguu yake, iliyokuwa haijawahi kukiuka agizo, ikaanza kurudi nyuma.