Kila Mutu Akae Fasi Anapenda

Hapa Goma tumezoea kutembea juu ya paa za watu. Volkano ilipomwagika ule mwaka wa elfu mbili na mbili, ilizika nyumba mpaka shingoni. Wenye moyo walingoja jiwe lipoe, wakajenga juu yake. Ghorofa ya kwanza ikawa ya chini, dirisha likawa mlango, maisha yakaendelea. Kwa hiyo mtu akikwambia kuna chumba katika nyumba fulani ambacho hakiguswi, usimcheke. Muulize kwanza chini yake kuna nini. Charline hakuuliza.

Huyu Charline kazi yake ilikuwa kupanga ndani ya maofisi. Anakuja na mita yake, anachora, anaonyesha ukuta upi uanguke na meza zikae wapi. Mwanamke wa Butembo, mchapakazi, mcha Mungu wa Jumapili, lakini alikuwa na ugonjwa mmoja: jibu lake lilifika kabla swali halijaisha. Direkta wa ushirika mmoja wa kahawa, kijana aitwaye Aubin, alikuwa amerudi kutoka Kigali na picha tele kwenye simu. Ofisi bila kuta, meza ndefu, wakubwa na wadogo wamechanganyika wakifanya kazi pamoja. Akamwita Charline, akamwambia anataka biro, yaani ofisi, ya namna hiyo hiyo, na upesi.

Charline alikubali kwa furaha, na si kwa ajili ya kazi tu. Mdogo wake, Victoire, alikuwa karani pale. Mama yao alifariki Victoire akiwa na miaka tisa, na tangu hapo Charline ndiye aliyemlisha, akamsuka, akamlipia shule. Sasa mtoto huyo amesoma, amepata kazi, na kwa mwaka mzima wamemkalisha kwenye kigoda kwenye korido, karibu na mlango wa choo, huku wakubwa kila mmoja ana chumba na funguo zake. Jambo hilo lilimuuma Charline kama jino. Akaapa kwamba katika biro yake hakuna mtu atakayekuwa na mahali pake, ili hata mdogo asikose mahali.

Siku ya kupima, muzee Havugimana, sentinele, mlinzi wa nyumba ile tangu zamani, alimzungusha kila pembe. Mwishoni mwa korido kulikuwa na mlango mdogo. Charline aliusukuma akakuta chumba kitupu, hakina dirisha, na katikati kiti kimoja cha mbao ya libuyu, kizito, kimegeuzwa uso kwa ukuta. Akaweka mkono juu ya kiti. Kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka hapo sasa hivi. Akadhani muzee huwa anakuja kujipumzisha humo, akacheka kidogo moyoni.

"Mama," muzee akasema kwa sauti ya chini, bila kuvuka kizingiti, "hii chumba iko na mwenyewe."

"Mwenyewe anakuja kazini saa ngapi?"

"Hajaondoka."

Charline aliandika kwenye karatasi yake kwamba ukuta ule uanguke. Mahali pasipofanya kazi, alimwambia Aubin jioni ile, ni mahali panapoliwa bure. Na asiyesikia la mkuu, mnajua wenyewe guu lake linafika wapi.

Kuta sita zilianguka kwa wiki mbili. Ikatokea sebule moja pana, mwanga wa ziwa ukaingia mpaka ndani, meza ndefu ya mbao ikakaa katikati, vigoda virefu vikakaa kando ya vioo, na kibanda kidogo cha kupigia simu kikakaa pale pale palipokuwa chumba cha mwisho. Kiti cha libuyu Charline alikionea huruma. Akakipeleka kwa seremala kipakwe vanishi upya, na seremala akashangaa mno jinsi vanishi ilivyokauka upesi. Siku ya kufungua, padri alibariki, watu wakanywa soda, na ukutani Charline akaandika kwa herufi kubwa za rangi ya kahawa: KILA MUTU AKAE FASI ANAPENDA. Asubuhi unachagua kiti, jioni unasafisha meza na kuondoka na vitu vyako vyote. Hakuna jina, hakuna funguo.

Halafu, mbele ya wote, akamshika mdogo wake mkono, akamkalisha kwenye kile kiti cha libuyu, kizuri kuliko vyote, kando ya dirisha.

"Wewe kaa hapa leo," akamwambia. "Umekaa korido vya kutosha."

Victoire alicheka, kisha akainuka kidogo, akapapasa kiti chini yake. Akasema kina joto. Wenzake wakamtania kwamba amekuja na moto wake mwenyewe kutoka nyumbani.

Wiki ya kwanza watu waliona ni mchezo. Yule anayefika wa kwanza asubuhi, kabla hata muzee hajamaliza kufagia, anakuta kiti kimoja kina joto. Leo hiki, kesho kile, kesho kutwa kigoda cha dirishani. Kisha ikaja harufu, si kali, harufu ya mpira unaoungua mbali. Wakasema ni mafundi wa mtaani. Kisha mtu mmoja, aliyekuwa peke yake kwenye kibanda cha simu, akatoka mbio akisema ameombwa aondoke. Aliyemwomba alikuwa mwanamke, na alimwomba kwa adabu.

Wiki ya pili mambo yale yakakoma ghafla. Viti vyote vikawa baridi asubuhi, harufu ikaisha, watu wakasahau. Aubin alimpigia Charline kumpongeza, akasema hajawahi kuona kazi ikienda vizuri hivyo, hasa Victoire, huyo sasa anafika kabla ya wote na kuondoka baada ya wote.

Charline alikuwa ameshaona. Nyumbani, pale Katoyi, Victoire hakuwa akila. Anakoroga ugali na sombe kwenye sahani, anasema ameshiba, anakaa na vidole vyake mezani, na vidole havitulii. Mtoto yule aliandika kompyuta kwa vidole vyote kumi, taratibu, kama alivyofundishwa. Sasa aligonga kwa viwili tu, kwa nguvu, tak tak tak, halafu anasukuma mkono pembeni kama anayerudisha kitu kizito mahali pake, na kuanza upya. Ukimwita anageuka kwa kukawia. Charline akamwekea mkono kwenye paji la uso akakuta joto kali, akampeleka kwa muganga wa hospitali, wakapima malaria, hakuna.

Ijumaa moja mvua ilinyesha tangu saa tisa, umeme ukakatika, na ilipofika saa kumi na mbili Victoire hakuwa amerudi wala hashiki simu. Charline akapanda pikipiki chini ya mvua. Muzee Havugimana alimfungulia geti bila kumtazama. Ndani palikuwa giza, vioo vyote vimelowa, zile meza alizozipanga mwenyewe kwa mapenzi zimelala kama makaburi yasiyo na majina, na kutoka kule mwisho, palipokuwa na kile chumba kidogo, ilisikika tak tak tak, kisha kengele ndogo, ting, ambayo kompyuta yoyote duniani haina, kisha tak tak tak tena, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ya mpira na ya nguo na ya kitu kingine asichotaka kukijua ilivyomjaa kooni, mpaka akamwona mdogo wake amekaa kwenye kiti cha libuyu, amekivuta mwenyewe mpaka pale, amekigeuza uso kwa ukuta, na mbele yake hakuna mashine, hakuna kompyuta, kuna ukuta tu, na vidole viwili vinagonga hewa.

"Victoire," akanong'ona. "Mutoto wangu. Twende nyumbani."

Vidole vikasimama. Iliyojibu ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, yenye adabu, sauti ya mtu aliyezoea kupokea wageni wa biro.

"Nilikuwa na fasi yangu, mama. Ukaivunja. Ukaandika kila mutu akae fasi anapenda." Mkono wa Victoire ukapanda polepole, ukatua kifuani pake mwenyewe. "Mimi napenda hapa."

Charline alipiga kelele mpaka muzee akaja na taa. Wakambeba Victoire hadi kwenye kibanda cha geti, akalala kama gunia, na ndipo muzee, huku maji yakimtiririka usoni na haijulikani kama ni mvua, alipotoa yote. Mwanamke yule aliitwa Emerance, mpiga mashine wa nyumba ile. Siku ya volkano watu walishakimbia, yeye akarudi chini kuchukua mashine yake ya kuandika, kwa maana aliinunua kwa jasho lake na hakuwa na kitu kingine. Chumba chake kiko bado, huko chini ya jiwe, sawasawa chini ya kile Charline alichokibomoa. Kiti chake kilipona kwa sababu siku ile kilikuwa kwa seremala, mtaa mwingine. Walipojenga juu, kiti kikaanza kutembea chenyewe usiku na mchana, watu wakaugua, mpaka akaitwa Mukamugema, mama wa maombi. Mukamugema hakumfukuza. Alisema mtu aliyekufa akitafuta mahali pake pa kazi hafukuzwi, anapewa mahali. Mlango wake, kiti chake, uso kwa ukuta, upande lilipokuwa dirisha lake. Wakampa, na miaka yote ile kukawa kimya.

Charline alilia kama mtoto. Alisema maneno aliyopaswa kuyasema tangu mwanzo: nisamehe, muzee, sikuuliza.

Mukamugema alikuwa bado hai, kule Kanyaruchinya, mzee sana, anatembea kwa fimbo. Aubin alipinga kidogo, kwa aibu ya mtu wa kisasa, lakini alipoletwa mbele ya Victoire na kuona vidole vile, akaita mafundi mwenyewe. Kwa siku moja ukuta ukarudi, na mlango, na jina Emerance likachongwa juu yake. Kiti cha libuyu kikawekwa ndani, uso kwa ukuta. Mukamugema akamshika Victoire mikono yote miwili, akasali rozari nzima, halafu akaongea na yule mwingine kwa Kinyarwanda, taratibu, kama mtu anayembembeleza ndugu aliyenuna arudi nyumbani. Akamwonyesha mlango. Akamwambia mahali pako ni hapa, hakuna atakayekuondoa tena.

Victoire alitetemeka, akaanguka, akafumbua macho.

"Yaya," akamwita dada yake mkubwa, na ilikuwa sauti yake, "nasikia njaa."

Ee Mungu wangu, siku ile Charline alimlisha kwa mkono wake, mikate miwili na chai, pale pale getini, huku akicheka na kulia. Mukamugema hakucheka. Alisema wangoje siku tatu, na kwamba muzee anajua alama ya kuangalia. Charline, kwa furaha, hakuuliza ni alama gani. Kisha akaondoka, kwa maana njia ya kwao haingoji jioni.

Siku tatu Victoire alikula, alilala, aliimba akifua. Siku ya nne wakaenda biro pamoja, asubuhi mapema, jua limeangaza mpaka ukutani yale maneno ya rangi ya kahawa yakang'aa. Victoire akaenda kujichagulia kiti. Charline akapita moja kwa moja hadi mlango mdogo, akabisha kwa heshima, akaingia, akaweka mkono juu ya kiti. Kilikuwa baridi. Baridi kabisa, kama jiwe la asubuhi. Akavuta pumzi ambayo hakuivuta kwa mwezi mzima, akatoka mbio kumpa muzee Havugimana habari njema.

"Kimepoa, muzee. Ameenda."

Muzee alikuwa anamimina chai. Akaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika, chai ikamwagikia miguu yake, naye hakuinua mguu.

"Ndani ya ile chumba, kiti haijapata baridi hata siku moja," akasema. "Miaka yote hii. Ndio vile tulijua mwenyewe iko ndani."

Charline alisimama. Akakumbuka ile siku ya kupima, chumba kisicho na dirisha, na joto chini ya kiganja chake. Akakumbuka asubuhi zile viti vyote vilipokuwa baridi na watu wakafurahi, na ni wiki ile ile mdogo wake alipoanza kukataa chakula. Nyuma yake, kwenye meza ndefu, mtu alikuwa anaandika. Vidole vyote kumi, taratibu, kama alivyofundishwa. Charline alisikiliza kwa shukrani, akahesabu mstari mmoja, wa pili, wa tatu.

Ting.

Victoire akaja kutoka mwangani akitabasamu, akamshika yaya wake mkono. Mkono wake ulikuwa na joto, joto la kiti ambacho mtu bado amekikalia.

"Mbona unatetemeka, yaya?" akauliza kwa sauti yake mwenyewe, yenye adabu zaidi kidogo kuliko kawaida. "Usiogope. Mimi siendi tena fasi ingine."