Mishono ya Godoro

Mzee mjalidi vitabu alikutwa sakafuni kando ya kitanda saa mbili asubuhi, amekishika kichwa kwa mikono miwili kana kwamba kingepasuka. Alimwambia bintiye neno moja tu: "Kichwa." Kisha akatapika, akanyamaza.

Saa nne daktari alimpokea Inspekta mlangoni mwa wodi.

"Si shinikizo la damu. Mboni zimesinyaa kama tundu la sindano, na jasho linamtiririka. Hii ni sumu. Tiba ya kwanza nimempa. Ya pili siwezi kubahatisha. Niletee jina la sumu kabla ya saa sita, Afande."

Nyumbani kwa mzee walikuwapo wanawe wawili. Kifungua mimba alikuwa fundi magodoro, mtu wa sauti kubwa. Dada yake alishona sare za shule na ndiye aliyemtunza baba.

"Nani alimpikia?" aliuliza Inspekta.

"Mimi. Uji."

"Umesikia, Afande?" alidakia fundi. "Niliwaambia ukoo mzima kikaoni: baba atafia mikononi mwa huyu."

"Sikukuuliza wewe. Binti, uji uliunywa nawe?"

"Sufuria moja, Afande. Mimi ni mzima."

Inspekta aliingia chumbani. Vidonge vya mzee vilikuwa mezani, pakiti haijafunguliwa. Alifunua shuka, akainama. Harufu kali ilimpanda puani. Juu ya godoro hapakuwa na doa. Bali kando, kuuzunguka mshono wote, kitambaa kilikuwa na unyevu. Aliyenyunyiza hakumwaga ovyo. Alifuata uzi kwa uzi.

Akarudi ukumbini.

"Fundi, kunguni hutaga wapi?"

"Kwenye mishono. Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua. Jana ulifika hapa?"

"Nilipita tu."

"Nilimwachia barua, Afande," alisema dada. "Nilikuwa nakwenda kazini." Akaitoa chini ya cherehani.

Inspekta aliisoma kwa sauti: "'Kaka, baba anaumwa usiku kucha. Mwekee dawa kitandani.'"

"Magoti," alisema dada. "Anaumwa magoti. Vidonge vile nilitaka awekewe karibu na mto."

Fundi aliinamisha kichwa.

"Nawe ulielewaje, fundi?"

Inspekta alitazama saa yake.

"Saa tano na nusu. Baba yako ana nusu saa. Ulielewaje?"

"Kwamba anaumwa na kunguni," alisema kwa sauti ndogo. "Afande, kazi yangu ndiyo hiyo. Mtu akiniambia anaumwa usiku kitandani, mimi nawaza kunguni."

"Chupa ya dawa ya kunguni iko wapi?"

"Ndani ya gunia la masalio ya sponji. Kwenye baiskeli."

Konstebo aliyefuatana na Inspekta aliileta. Inspekta alimpigia daktari simu, akamsomea jina la sumu herufi kwa herufi, kisha akalirudia. Ndipo akamgeukia fundi.

"Kosa la kusoma vibaya ningekusamehe. Asubuhi, ulipoitwa, ulijua?"

"Nilijua nilipoisikia ile harufu."

"Ukaificha chupa, ukamsingizia dada yako uji. Kwa nini?"

"Nilikwisha kusema mbele ya wajomba na mashangazi kwamba hajui kutunza mzee. Nilitaka baba ahamie kwangu. Ningeuweka wapi uso wangu?"

"Basi ulikuwa radhi afe, mradi neno lako lisimame?"

Konstebo akamtia pingu.

Simu iliita saa nane. Inspekta alisikiliza, akaitikia mara mbili.

"Mboni zimeanza kufunguka," alimwambia binti. "Kichwa bado kinamgonga, lakini anazungumza. Anauliza wanawe wako wapi."

Binti alijifunga kanga. Alitazama nje ya dirisha, kwenye gari la polisi, alikokaa kaka yake akitazama magoti yake.

"Mwambie," alisema, "mmoja anakuja."